Kubandua Gamba la Dramu Kuukuu Bila Kuumiza Mti Wala Mtu

Kama umepata seti ya dramu ya miaka ya 1950 au 1960 na unataka kubandua gamba lake, usianze na kisu wala mashine ya hewa moto. Anza kwa kujua gamba hilo ni kitu gani. Sehemu kubwa ya dramu za Marekani na Uingereza za wakati ule zilivishwa seluloidi, na seluloidi hutokana na pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, jamii ile ile ya kemikali inayotengenezewa baruti isiyotoa moshi. Huwaka kwa kasi ya kutisha. Ikishawaka haitegemei hewa ya nje, maana oksijeni ya kuuendeleza moto imo ndani yake. Mashine ya hewa moto ya fundi rangi hufika nyuzi joto 500 kwa urahisi; seluloidi iliyozeeka yaweza kushika moto kwenye nyuzi 150 au chini ya hapo.

Mti nao ni wa kuhurumiwa. Mzinga wa dramu, yaani ule mwili wa duara unaobeba ngozi mbili, haukuchongwa katika gogo. Ni matabaka ya vinia yaliyogundishwa na kukunjwa. Ludwig wa Chicago, kwa mfano, katika miaka ya 1960 walitumia matabaka matatu, la katikati likiwa la mti wa popla, kisha wakaongeza pete za mepo ndani, juu na chini, ili mzinga usipinde. Premier wa Uingereza walipenda birchi, na pete zao zilikuwa za bichi. Kuta hizi ni nyembamba, na lile tabaka la nje linaloshikana na gamba ni jembamba zaidi. Ukivuta kwa pupa, gamba linaondoka na mti.

Kwa hiyo unachotafuta ni kulegeza gundi basi. Gamba halina haja ya kuchemka, wala mti hauna haja ya kulowa. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitaeleweka zenyewe.

Je, ni lazima libanduliwe?

Mwenye seti kamili yenye gamba la kiwandani namshauri aliache. Ringo Starr alinunua Ludwig yake ya kwanza London mwaka 1963, yenye gamba la lulu nyeusi, na tarehe 9 Februari 1964 Wamarekani zaidi ya milioni 70 wakamwona akipiga Ludwig kwenye televisheni. Tangu hapo dramu za Ludwig za miaka ile zinatafutwa, na wanaozitafuta wanataka gamba la asili, likiwa na mikwaruzo yake. Ukilibandua na kupaka mzinga vanishi ya kupendeza, utakuwa na dramu nzuri ambayo thamani yake kwa mkusanyaji imeporomoka, na hakuna wa kuirudisha.

Gamba jeupe la lulu likigeuka manjano halijaharibika. Seluloidi huzeeka hivyo, hasa ikipigwa na jua. Fungua kishikio kimoja, yaani chuma kinachopokea skurubu za kukazia ngozi, uone chini yake; mara nyingi utakuta weupe wa mwanzo haujaguswa. Na kama kilichotokea ni ncha ya kiungo cha gamba kuinuka tu, basi dawa yake ni kusafisha uchafu uliojikusanya chini, kupaka gundi ya kugusisha pande zote mbili, kungoja ikauke kidogo, kisha kubana kwa kibao na mkanda wa mpira hadi kesho yake. Hiyo ni kazi ya jioni moja na haimuumizi mtu.

Hata hivyo, yapo magamba yasiyookoka. Lililopasuka na kujikunja kama bango lililonyeshewa halirudi. Lililopakwa rangi ya mafuta ya nyumba, au kufunikwa na karatasi ya kubandika na mwenye dramu wa zamani, huwa na madhara mengi chini yake. Halafu kuna seluloidi iliyoanza kuoza: inageuka hudhurungi, inanata mkononi, inatoa harufu kali ya asidi, na vyuma vilivyo karibu nayo vinashika kutu ya kijani au nyekundu bila sababu nyingine. Hiyo isiachwe, kwa kuwa mvuke wake unakula kromu ya vishikio na unachochea magamba mengine yaoze. Hiyo hiyo ndiyo hatari kuliko zote kwa joto.

Kulitambua gamba

Umri na asili ya dramu vitakuambia nusu ya habari. Dramu ya Marekani au Uingereza iliyotengenezwa kabla ya 1970 ichukulie kuwa ni ya seluloidi mpaka uthibitishe vinginevyo. Baada ya hapo viwanda vilihamia kwenye plastiki nyingine, kama walivyofanya watengenezaji wa filamu za sinema mapema zaidi, na kama ulivyofanya mchezo wa tenisi ya meza, ambao uliruhusu mipira isiyo ya seluloidi katika mashindano kuanzia mwaka 2014.

Kipimo cha kwanza ni pua. Tafuta sehemu iliyofichwa chini ya kishikio, isugue kwa msasa mara chache, kisha inuse papo hapo. Seluloidi ililainishwa kwa kafuri tangu siku za John Wesley Hyatt, Mmarekani aliyeipatia hataza mwaka 1870, na kafuri hiyo bado imo. Ni harufu ya dawa ya kuchua kifua, wala si ya nafthalini ya kabatini. Watu wengi huzichanganya. Ukiipata, umeshajibiwa.

Usipoipata na bado una shaka, kata kipande kisichozidi punje ya mchele kutoka sehemu itakayofichwa na kishikio. Toka nje, mbali na mzinga wenyewe, mbali na chupa za tina. Kishike kwa koleo refu juu ya sufuria yenye mchanga uliolowa, ukisogezee kiberiti. Seluloidi hulipuka mwali wa manjano na kwisha kabla hujamaliza kutazama. Plastiki ya PVC hujikunja, hutoa moshi mchungu, na mara nyingi huzimika ukiondoa kiberiti. Asetati huyeyuka, hudondoka, na harufu yake ina ukali wa siki. Usisogeze uso ili unuse. Harufu itakufikia yenyewe.

Dramu za Kijapani za miaka ya 1960 zinastahili neno lao. Ziliuzwa Marekani kwa majina mengi ya maduka, na mizinga yake mara nyingi ni ya luani, mti laini unaoitwa pia mahogani ya Ufilipino. Gamba limeshikwa kwenye vinia dhaifu, na vinia hiyo hung'oka hata kwa fundi mwangalifu. Usijiahidi kuumaliza mzinga wa luani kwa vanishi inayoonyesha mti. Panga tangu mwanzo kuuvisha gamba jipya au vinia mpya, na ukiona mti ni mzuri kuliko ulivyotarajia, hiyo ni faida.

Kufungua

Piga picha kabla ya kugusa skurubu: nje, ndani, na kila pembe ya beji. Ondoa ngozi na ringi, kisha vishikio, kimoja kimoja. Andika nambari nyuma ya kila kishikio kwa kipande cha utepe wa karatasi na uandike nambari ile ile ndani ya mzinga kwa penseli hafifu, maana matundu ya dramu za zamani hayakutobolewa kwa usawa wa siku hizi, na kishikio kilichokaa mahali pake miaka sitini hupenda kurudi pale pale. Skurubu ziende kwenye kopo lenye jina la dramu yake. Chunguza kama kuna chapa ya tarehe ndani ya mzinga; Ludwig walipiga muhuri wa wino mwekundu au wa rangi nyingine katika dramu nyingi za miaka ya 1960. Usiguse muhuri huo kwa tina wala msasa, leo wala kesho. Na rangi nyeupe utakayoikuta ndani ya baadhi yake ni ya kiwandani. Iache. Rangi za miaka hiyo zaweza kuwa na risasi, na vumbi lake halitakiwi mapafuni mwako.

Beji ndiyo inayowatesa wengi. Kwenye dramu nyingi imeshikwa na pete ndogo ya shaba iliyopita katika tundu la hewa na kukunjwa kwa ndani. Usiichokonoe kwa mbele, utaipinda beji. Ingia ndani ya mzinga, weka ncha ya bisibisi bapa nyembamba chini ya ule mkunjo wa shaba, uinue kidogo, usogee, uinue tena, mpaka mkunjo wote umesimama. Kisha kwa koleo jembamba kunja kingo hizo kuelekea katikati ya tundu, na sukuma pete itoke mbele kwa kidole. Shaba ya zamani huwa imekauka na yaweza kupasuka. Si hasara, kwani pete mpya zinauzwa, ilhali beji ya asili hairudi. Kama beji ni ya misumari midogo, telezesha kibao chembamba chini ya bisibisi ili nguvu ikae kwenye kibao na si kwenye mti.

Dramu ya besi ina jambo la ziada. Ringi zake za mbao mara nyingi zina utepe mwembamba wa gamba lile lile uliochomekwa katikati. Nao ni seluloidi. Kama utepe huo uko imara, uache ulipo hata kama mzinga unabadilishwa.

Mahali pa kazi

Fanya kazi nje, kivulini, upepo ukipita. Jikoni hapafai, wala chumba chenye jiko la gesi au mshumaa. Weka ndoo mbili za maji karibu, zikiwa zimejaa kabla ya kuwasha chochote. Moto wa seluloidi hauzimwi kwa blanketi wala mchanga, kwa sababu kuunyima hewa hakusaidii. Unazimwa kwa kupozwa, na maji mengi ndiyo yanayopoza. Moto ukiushika mzinga wote, ondoka. Moshi wake una oksidi za naitrojeni zinazounguza mapafu, na madhara yake yanaweza kujitokeza baada ya saa kadhaa wakati mtu ameshajiona mzima. Aliyeuvuta aende hospitali, asingoje kukohoa.

Vipande vinavyobanduka vitumbukizwe ndani ya ndoo moja hapo hapo. Usiviache chini vikajikusanya miguuni.

Joto kidogo, mkono mwepesi

Kifaa ninachokiamini kwa kazi hii ni draya ya kukaushia nywele. Hewa moto ya mashine ya fundi rangi inaweza kulegeza PVC ikiwa imewekwa kiwango cha chini kabisa, lakini kwa seluloidi siikubali, hata mikononi mwa mtu mzoefu. Draya nayo ina kosa lake: nyuma yake kuna tundu linalovuta hewa, na ndani kuna waya unaowaka wekundu. Kipande kidogo cha gamba kikinyonywa kupitia tundu lile, kinakutana na waya huo. Kwa hiyo draya isiwekwe kamwe juu ya meza yenye makapi, na nyuma yake ielekee mbali na mzinga.

Tafuta kiungo kwanza. Ncha za gamba hukutana mahali fulani, moja ikipanda juu ya nyingine kwa sentimita 2 hadi 4, mara nyingi chini ya mstari wa vishikio. Gonga mzinga wote kwa kucha. Palipo na sauti nzito pameshikwa na gundi; palipo na sauti tupu hapana gundi. Baadhi ya viwanda vilipaka gundi mzinga mzima, vingine vilipaka kwenye kiungo na kingo tu. Ukigundua kwamba dramu yako ni ya namna ya pili, shukuru, maana kiungo kikishaachia, gamba lote linakuja lenyewe.

Pasha sehemu isiyozidi upana wa kiganja. Shika draya sentimita 10 au 15 kutoka kwenye gamba, uizungushe muda wote, usikae mahali pamoja. Kila baada ya sekunde kadhaa weka kiganja juu ya gamba. Unataka joto ambalo mkono unalivumilia bila kujilazimisha, yapata nyuzi 50. Kama mkono unarudi wenyewe, umezidisha. Kipimajoto cha mwanga kisichogusa kinapatikana siku hizi kwa bei ya kawaida, na kwa seluloidi naona ni cha lazima: nyuzi 60 ndiyo mwisho.

Kwa kubandulia, chukua skrepa pana ya fundi rangi, ukate pembe zake mbili ziwe mviringo na uusugue ukingo wake kwa tupa hadi usiweze kukata karatasi. Skrepa kali ni adui. Inaingia kwenye mti bila wewe kuhisi. Ya plastiki ngumu ni nzuri pia, ingawa huchakaa upesi. Iingize chini ya ncha ya juu ya kiungo, ikilala karibu sambamba na mti. Usiinue kama unayefungua kopo. Isukume mbele taratibu, na gundi ikiwa imelegea utahisi ikiachia kwa mfululizo, bila kukwama, na kusikia sauti kama ya kubandua utepe. Sauti ikigeuka kuwa ya kukatika, ya mlio mkavu, simama. Huo ni mti.

Tazama uelekeo wa nyuzi za mti kwenye tabaka la nje. Sehemu uliyokwisha kuifungua itakuonyesha. Vuta kufuata nyuzi, kamwe usivuke. Na mkono mwingine unaolishika gamba ulikunje lirudi nyuma juu yake lenyewe, karibu kugusa sehemu ambayo bado imeshikwa, badala ya kulivuta wima kuelekea usoni kwako. Ukilivuta wima, nguvu yote inakwenda kwenye kung'oa vinia. Ukilikunja nyuma, nguvu inabaki kwenye mstari wa gundi. Tofauti hii ndogo ya mkono ndiyo inayookoa mizinga mingi kuliko kifaa chochote utakachonunua, na ndiyo watu wanayoisahau dakika ya kumi, wanapochoka na kuanza kuvuta.

Ukiona kibanzi kimeinuka, usikifuate. Acha hapo, geuka, uanzie upande wa pili ukielekea kwake, ili kibanzi kikutane na skrepa kwa upande ulio salama. Kama kimeshatengana na mzinga, kiokote. Weka tone la gundi ya mbao chini yake, kirudishe mahali pake sawasawa, funika kwa karatasi ya nailoni isiyoshikana na gundi, bana kwa kibao. Kibanzi cha mti wenyewe kinafichika kuliko puti yoyote ya dukani.

Kiungo kinahitaji uvumilivu zaidi, kwa kuwa hapo gundi ni nyingi na tabaka za gamba ni mbili. Zaidi ya hapo, kwenye baadhi ya dramu za Marekani ncha ya gamba ilichomekwa ndani ya maungio ya tabaka la nje la mti kabla ya kubanwa. Ukifika mahali gamba linaingia ndani ya mti kama karatasi ndani ya bahasha, usivute hata kidogo, maana utafungua maungio ya mzinga wenyewe. Chukua kisu chenye wembe mpya, kipitishe kwa wepesi kwenye mstari huo mara nyingi badala ya mara moja kwa nguvu, ulikate gamba usawa wa mti. Kipande kilichobaki ndani kikae huko.

Jitahidi gamba litoke zima. Baada ya kulilaza juu ya meza, chora muhtasari wake kwenye karatasi kubwa pamoja na matundu yote, na upime urefu wake hadi milimita. Hiyo ndiyo ramani ya gamba jipya.

Gundi iliyobaki

Mti utaonekana mchafu, wenye madoa ya gundi ya rangi ya kahawia. Usikimbilie msasa. Gundi ikipata joto la msasa hujaa kwenye karatasi na kuzama kwenye vitundu vya mti, na kama kuna vipande vya seluloidi ndani yake, vumbi lake linashika moto kwa cheche moja.

Jaribu kwanza kuisugua kwa kidole. Gundi ya kugusisha iliyozeeka mara nyingi hujiviringisha kama ufutio. Kinachobaki kijaribiwe kwa spiriti ya rangi kwenye eneo la ukubwa wa sarafu. Isipolegea, jaribu tina au asetoni. Lowesha kitambaa, usimwage kwenye mzinga. Dawa iliyomwagwa inabeba gundi iliyoyeyuka kuipeleka ndani ya mti, na baadaye vanishi itakataa kushika. Kitambaa kikichafuka geuza upande, kisha tumia kingine. Draya izimwe na iondolewe kabisa kabla kopo la tina halijafunguliwa: siku ya joto na siku ya dawa zisiwe siku moja, na huo ni msimamo nisiolegeza.

Vaa barakoa yenye chujio za mvuke. Ile ya kitambaa haizuii chochote hapa. Glavu nyembamba za hospitali zinayeyuka au kupitisha asetoni haraka, kwa hiyo zibadilishe mara zinapolegea. Vitambaa vilivyolowa vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke. Visikunjwe wala kutupwa ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Mti ukishakuwa safi na mkavu, ndipo msasa unapoingia, kwa mkono, ukizungushiwa kibao chenye mkunjo wa mzinga. Namba 150 kwa sehemu zenye vibanzi, 220 kwa kumalizia. Mashine ya msasa itatoboa tabaka la nje kabla hujahisi. Kaa mbali na ukingo wa juu na wa chini, pale ngozi inapokaa. Ukingo huo umechongwa kwa pembe maalumu na milimita chache za msasa zinabadilisha sauti ya dramu.

Katika kipindi chote hiki mzinga umekosa vyuma vilivyokuwa vikiushika. Usiulaze kwa ubavu wala kuweka kitu juu yake. Usimamishe kwenye ukingo wake mahali bapa, ndani ya nyumba, mbali na jua. Upime kipenyo kwa pande nne na uandike. Ukipima tena baada ya siku mbili na tofauti imezidi milimita 2, urudishie ringi na ngozi kwa muda, bila kukaza sana, hadi utakapokuwa tayari.

Makapi

Gamba lililobanduliwa lisitupwe jalalani panapochomwa takataka, na huku kwetu ni majalala mengi. Mfuko mmoja wa seluloidi katikati ya jalala linalowaka unaweza kumjeruhi anayelichochea. Vipande vibaki ndani ya maji mpaka uvikabidhi kwa wanaopokea taka hatarishi katika mji wako. Pale pasipo na mpokeaji, uliza kikosi cha zimamoto cha eneo lako. Ukitaka kubakisha kipande kama kumbukumbu ya rangi ya asili, kiwe kidogo na kizima, kifunge kwenye karatasi na ukiweke mahali penye hewa na ubaridi. Usikifungie kwenye kopo la bati wala mfuko wa plastiki, kwani mvuke ukijikusanya huharakisha kuoza.

Kabla ya kuuvisha tena

Mti ulio wazi hunywa unyevu haraka, na pwani hunywa zaidi. Upake tabaka jembamba la shelaki ndani ya siku chache, hata kama hujaamua utauvisha nini. Ukichagua gamba jipya, angalia unene wake. La zamani lilikuwa na unene wa karibu nusu milimita, na kulitoa kunapunguza kipenyo cha mzinga kwa milimita 1 hivi. Likirudi nene kuliko lile, ngozi itabana kwenye mzinga na dramu haitapata sauti safi hata uikaze vipi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wenye Premier. Kampuni hiyo ilitengeneza mizinga kwa vipimo vyake yenyewe hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, na ngozi za leo za inchi 12 au 14 mara nyingi hazipiti kwenye mzinga wenye gamba lake. Wapo wanaobandua gamba kwa sababu hiyo tu, ili wapate kutumia ngozi za dukani. Kama ndiyo sababu yako, pima kipenyo cha mti wenyewe kupitia tundu la kishikio na ukilinganishe na ngozi kabla ya kuwasha draya. Ngozi inatakiwa ikae juu ya mzinga na kuzunguka kwa kidole kimoja bila kukwama popote. Ikikwama kwenye mti mtupu, gamba halikuwa tatizo, na libaki lilipo.